Gunia lifunguliwe mpaka katikati

Swali la wiki lilituuliza sisi wauzaji wa mtandaoni: mteja akipokea mzigo, akaukataa na kudai fedha zake, unamalizana naye vipi? Mimi nauza dagaa. Nawanunua soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, nawapiga picha, naweka kwenye stetasi na kwenye magrupu mawili ya WhatsApp. Mteja akishalipa kwa simu, napeleka gunia stendi ya Nyegezi lisafiri na basi. Huu ni mwaka wa sita. Nimegombana na wateja vya kutosha, na nimekuja kugundua kwamba ugomvi mwingi nilikuwa naupakia mwenyewe ndani ya gunia.

Mama mmoja wa Dodoma mwenye mgahawa alichukua kilo 30, kwa shilingi 6,500 kila kilo. Siku ya pili akatuma voisi: "Dada, dagaa wako wana mchanga, hawaliki." Nikamjibu kwamba dagaa wangu ni wa chanja, yaani wameanikwa juu ya vichanja, hawajagusa chini. Nilikuwa na uhakika, maana niliwashika kwa mkono wangu mdomoni mwa gunia, wakavunjika kau, wanang'aa kama fedha, bila chembe. Tukabishana siku tatu. Mimi namtumia skrinshoti za wateja walionisifu, yeye ananitumia picha ya sufuria. Siku ya tatu akaacha kuniita dada, akaanza kuniita "wewe".

Nikamwambia arudishe, nauli juu yangu. Gunia lilipofika nilitandika shuka sakafuni, nikachukua chekeche nikaanza kuchekecha. Wa juu safi kabisa. Nilipofika katikati rangi ikabadilika: dagaa wa kahawia, waliojikunja, na kila nikitikisa mchanga unashuka shwaa. Niliuzoa ukajaza vikombe viwili vya chai. Aliyeniuzia alipanga wa chanja juu na chini, wa mchangani akawaficha katikati, nami nikauza kama nilivyouziwa. Nilimrudishia yule mama fedha zote, nikampigia kumwomba radhi. Aliipokea. Hakununua tena.

Kwa wasiokaa kando ya ziwa: dagaa wetu huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kisha huanikwa asubuhi. Wakianikwa juu ya chanja hubaki safi. Wakimwagwa ufukweni hukauka pamoja na mchanga, na bei yao huwa ya chini. Mteja wa Dodoma hayaoni hayo, anachokiona ni picha yangu tu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukiuza kwa maelezo, bidhaa ilingane na maelezo, na ukiuza kwa sampuli, mzigo wote ulingane na sampuli. Niliposomewa hayo nilikumbuka ile picha ya mdomo wa gunia. Ilikuwa sampuli, na mzigo haukulingana nayo. Tena Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 7 za kughairi. Kwa hiyo yale maneno tunayopenda kubandika chini ya picha, "mali ikishauzwa hairudishwi", nimeyafuta. Yanamwudhi mteja mwema, na mkorofi hayamzuii.

Siku hizi gunia nalimwaga kwenye turubai mbele ya aliyeniuzia, nawapitishia mkono dagaa wote, ndipo napima. Wapo wasiopenda, nao sinunui kwao. Narekodi video mizani ikisomeka na gunia likishonwa kwa shazia, na mteja anaipata kabla basi halijaondoka. Nampigia pia nimwambie kwa mdomo kwamba hawa ni dagaa wa Mwanza. Anayetaka wa Kigoma atafute wa Kigoma, wale ni samaki wengine wa ziwa lingine na bei yao nyingine. Namwambia vilevile kwamba dagaa huendelea kukauka njiani, kwa hiyo kilo 30 zinaweza kufika zimepungua kidogo. Zamani niliyanyamazia haya nikiogopa atakimbia.

Hapo ndipo napata kifua cha kumkabili mkorofi, maana wapo. Kijana mmoja alinirudishia gunia akidai dagaa wameoza, na waliokuwemo kweli walikuwa wameoza. Lakini mimi magunia yangu nashona kwa uzi wa bluu, mishono 18, fundo mara mbili mwishoni. Lile lilishonwa kwa katani. Nilimtumia video ya siku ile na picha ya mshono uliorudi, nikaandika: "Kaka, gunia hili si langu. Langu likirudi, fedha zako zinarudi." Akanitangaza kwenye grupu kwamba mimi ni tapeli. Nikaiweka video hapohapo, bila neno lolote la kuongeza. Binti yangu ndiye hunisaidia kujibu meseji, naye ndiye aliyeyasoma matusi yale kwanza. Hilo liliniuma kuliko fedha.

Jambo jingine dogo: mteja akikasirika mpigie, usimwandikie. Mkishapatana, hapo sasa andika mlichokubaliana na umwombe ajibu "sawa".

Mgumu zaidi kwangu ni yule ambaye ukweli wake siwezi kuufikia. Baba mmoja wa Kahama alipokea mzigo unanuka mafuta ya taa. Mimi niliupeleka stendi hauna harufu, yeye hakuufungua hata siku moja kabla ya kunipigia, na wenye basi wakasema hawajui lolote. Kuurudisha Mwanza kungekula nauli nyingine, na dagaa wa namna hiyo nani angewala? Nilimwomba atenganishe wa pembeni waliolowa harufu na wa katikati, apime wote kwenye mizani anipigie video. Zikatoka kilo 11 zisizofaa kati ya 25. Nikamrudishia fedha za hizo 11, zilizobaki akauza. Sikuwa na kosa, na yeye pia hakuwa nalo, lakini fedha yake nilikuwa nayo mimi, na yeye ndiye aliyebaki na uvundo dukani.

Tangu siku ile ndani ya kila gunia natanguliza mfuko wa nailoni, na pande zote mbili naandika CHAKULA kwa wino mwekundu. Kijana wa mizigo namwonyesha kwa kidole kabla hajalipandisha, kisha nasimama palepale mpaka nione amelilaza wapi.