Bima ya binti yangu nailipa, mbona kodi haipungui?

SWALI: Mama Karani, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya kibinafsi hapa Voi, mshahara 52,000. Tangu Februari 2021 nalipa bima ya elimu ya binti yangu, 4,500 kila mwezi, ya miaka 12. Juzi rafiki yangu wa shule jirani alinionyesha hati yake ya mshahara, nikaona ana mstari wa afueni ya bima. Mimi sina. Mhasibu wetu akaniambia hayo ni yangu na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Je, nimekuwa nikitozwa kodi kupita kiasi, na pesa hizo hurudi? Ritani zangu, zile taarifa za kodi za kila mwaka, hunijazia kijana wa saiba kwa shilingi 200. — Mwalimu, Voi.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umetozwa zaidi, na zinarudi. Ila usianze kuzipangia matumizi ukidhani utarudishiwa 4,500 zote. Afueni ni asilimia 15 ya unacholipia bima, nayo hukatwa kwenye kodi yenyewe. Kwako ni 675 kwa mwezi, yaani 8,100 kwa mwaka. Kikomo ni 5,000 kwa mwezi, wewe uko mbali nacho. Bima ya elimu inakubaliwa ikiwa muda wake ni miaka 10 au zaidi, kwa hiyo yako imepita.

Tupige hesabu. Mwaka 2021 ulilipa miezi 11: 7,425. Miaka ya 2022, 2023 na 2024: 24,300. Jumla 31,725. Si haba kwa mwalimu.

Mhasibu wenu amesema kweli nusu. Miaka iliyopita ni yako na KRA, kwa sababu ritani ni yako. Lakini mwezi huu na ujao ni kazi yake, nitarudi kwake.

Kabla ya yote, ingia iTax, tovuti ya KRA, mwenyewe, kwa nenosiri lako, ufungue ritani alizokutumia huyo kijana. Sitaki kumsingizia, lakini nimeona watu wenye ajira, wanaokatwa kodi kila mwezi, ritani zao zote zimejazwa sufuri, maana sufuri humalizika kwa dakika mbili na 200 ni 200. Ukikuta sufuri, kwenye kumbukumbu ni kama hukuwa na mshahara. Angalia pia kama kuna faini za zamani. Wengi walichukua PIN, namba ya mlipa kodi, wakiwa chuoni kwa ajili ya mkopo wa HELB, wakakaa miaka bila kuwasilisha chochote. Ukiwa na deni, wanaweza kulikata humo humo kwenye pesa unazodai.

Kisha omba shuleni fomu P9, muhtasari wa mshahara na kodi yako ya mwaka, za miaka yote minne. Tazama safu ya afueni: utaona ile ya kibinafsi, 2,400 kila mwezi, na ya bima ikiwa tupu. Hilo pengo ndilo dai lako. Kwa kampuni ya bima, omba cheti cha kila mwaka. Hapa nisikilize vizuri. Nilikuwa karani wa mishahara kwa miaka 19, nikiandaa malipo ya kiwanda kizima, na dai langu mwenyewe la kwanza lilikataliwa. Niliambatisha taarifa ya benki yenye makato yote, nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, najiona mjanja. Walitaka cheti cha bima, chenye jina langu na jumla niliyolipa mwaka ule.

Ritani ya kila mwaka ina nafasi hadi 30 Juni ya mwaka unaofuata. Za nyuma utazirekebisha hapo hapo iTax. Kwenye swali la kama una bima jibu ndiyo, ujaze ukurasa wake, na mwisho wa hesabu utaona kiasi unachodai. Hakikisha namba ya akaunti ya benki ni yako na iko hai. Wengi huishia hapo wakingoja simu ya benki. Kuwasilisha ritani peke yake hakutoshi. Lazima uombe kurudishiwa, kwenye sehemu ya marejesho, uambatishe P9 na cheti, mwaka mmoja mmoja.

Anza na 2021. Haki ya kudai hudumu miaka 5 tangu kodi ilipolipwa, na ile ya Februari 2021 mwajiri alipaswa kuifikisha kufikia tarehe 9 Machi mwaka huo. Miaka hiyo 5 ikipita, pesa hukuponyoka mwezi baada ya mwezi.

Sasa mhasibu. Mpelekee cheti cha mwaka huu ili 675 zianze kuonekana kwenye hati ya mshahara, usije ukadai tena mwakani. Peleka nakala mbili, moja akugongee muhuri wa kupokea, ukae nayo.