Kuhusu mtoto wenu na Jumapili

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikia. Umeuliza kama Jumapili mumtoe mbele kanisani huyo mtoto mliyekabidhiwa na ustawi wa jamii, kama tulivyomfanyia Joshua, kwaya iimbe, mchungaji amwekee mikono, na watu wakiuliza katoka wapi mseme nini. Baba yako anasema fanyeni. Mimi nasema hapana, na nakuandikia mapema maana nakujua utampigia yeye ili upate jibu unalolitaka.

Kanisani mpeleke, tena Jumapili hii hii, mfunge mgongoni kama watoto wengine na akilia toka naye nje kama mama wengine. Kinachonikwaza ni maiki. Mkishika maiki mtaanza kueleza, na mkieleza mtasema aliachwa wapi na mama yake alikuwa na hali gani, watu watapiga vigelegele, nyinyi mtaonekana watakatifu, afu mtoto atakua akifika sandei skuli anakuta kila mtu anazijua habari zake kabla yeye mwenyewe hajaambiwa. Zile habari ni zake bwana. Mtamwambia nyinyi, kidogo kidogo, kadiri anavyoelewa, akitaka kutoa ushuhuda atautoa akiwa mkubwa. Na picha kwenye status toa, nimeziona, hata kama umemziba uso.

Wakiuliza sema ni mtoto tunamlea, basi. Jumuiya wataongea, wale nawajua, wataongea mpaka litokee la mwingine.

Ubatizo nao subirini. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 malezi ya kambo, yaani kumlea tu kwa kukabidhiwa kama nyinyi, sio kuasili, yaani kumfanya wenu kisheria, kuasili mpaka mwende Mahakama Kuu, kwa hiyo kwa sasa jina lake linabaki lake, na ndugu zake wakipatikana na wakaonekana wanafaa anaweza akarudi kwao. Sasa kama ni Waislamu je? Au Wakatoliki? Muulizeni afisa ustawi kwanza, mchungaji akiharakisha mwambie anipigie mimi. Kumwombea hakuhitaji kibali, mwombee hata usiku kucha. Na usiogope kuwaombea hao ndugu zake wapatikane, najua hapo ndipo panapouma. Kutoka 2 tunapenda kuhubiri kile kisafina kwenye majani tu, tunaruka kwamba aliyemnyonyesha Musa alikuwa mama yake mwenyewe, tena kwa mshahara wa binti Farao.

Kuna kitu umekisema kwa kupita kimenishtua kuliko yote, eti ni mtoto mzuri sana halii usiku. Mwanangu, mtoto wa miezi minne aliyetoka kwenye makao yenye vitanda vingi na walezi wachache wakati mwingine halii kwa sababu ameshazoea kulia haleti mtu. Usimshukuru Mungu kwa hilo kwanza. Amka mwenyewe, mbebe, mwongeleshe, mlishe ukiwa umempakata na unamtazama usoni, chupa isiegemezwe kwenye mto hata siku moja. Na awe na watu wachache wanaomshika, wewe, baba Joshua na dada, sio kila mgeni anapokezwa tu kama sahani ya matoleo. Siku akianza kukulilia wewe ukitoka chumbani ndo uje uniambie nifurahi na mimi.

Maziwa ya kopo pimeni kama kopo linavyosema, msipunguze unga ili lidumu, mkikwama semeni nitachangia. Mama mkwe wako atataka aanze uji, mwambie kwa heshima mpaka miezi 6. Angalia kadi ya kliniki kama chanjo za wiki 6, 10 na 14 zote zimeandikwa, kama kuna pengo mpeleke Jumatatu, usingoje ile ya surua ya miezi 9.

Joshua naye mpe kazi, akuletee nepi, ila usimwambie huyu ni mdogo wako milele, mwambie tunaishi naye na tunampenda.

Afisa ustawi akija kuwatembelea usihangaike kupika pilau, anakuja kumwona mtoto. Nimeweka vitenge viwili na kofia za sufu kwenye basi la Ijumaa, baba Joshua akachukue stendi jioni, na aende na kitambulisho maana mara ya mwisho walimsumbua.

Mama yako