Kabla hujanunua gitaa la umeme

Vijana wanaokuja mazoezini kwetu Mwanga, hapa Kigoma, karibu wote huanza na Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Kazaliwa Zanzibar mwaka 1946, Farrokh Bulsara, kwa hiyo na sisi tunaweza. Sawa. Ila kinanda alikisomea shule ya bweni Panchgani, India, na huko huko akapiga kwenye bendi ya wanafunzi. Familia ilipohamia Uingereza mwaka 1964 akasomea sanaa ya uchoraji. Nembo ya Queen kaichora mwenyewe. Na kabla jina halijavuma, yeye na mpiga ngoma Roger Taylor walikuwa wakiuza nguo za mitumba soko la Kensington, London.

Wenzake ndio ningependa mwaige zaidi. Brian May, mpiga gitaa, hakuwa na hela ya gitaa la dukani. Mwaka 1963 yeye na baba yake wakaanza kuchonga la kwao, shingo wakaitoa kwenye ubao wa zamani wa mahali pa kuotea moto. Mpiga besi, John Deacon, alisomea elektroniki. Aliokota saketi kwenye takataka, akaifunga spika na betri, na ampilifaya hiyo ikatumika kwenye rekodi za Queen.

Kwa hiyo ukija kwangu, kabla ya solo utajifunza kuchomea waya kwa risasi. Jeki, yaani tundu la kuchomekea waya wa gitaa, ikiachia katikati ya harusi, hakuna wa kumpigia simu. Kaa na fundi redio yeyote mjini, mnunulie chai, akuonyeshe namna ya kupasha moto waya na sehemu unapoungwa kwanza ndipo ulete risasi. Wengi huidondoshea tu juu, inaganda kama ute, kesho inabanduka.

Kingine ni jenereta. Umeme ukikatika ukumbini linawashwa haraka, na mara nyingi halijafungwa ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini. Mkono uko kwenye nyuzi, mdomo ukagusa maiki: shoti ya kukulaza chini. Pima kwa mita kati ya nyuzi na kichwa cha maiki kabla hujashika chochote. Ikisoma volti za maana, usiimbe mpaka hitilafu irekebishwe, hata kama MC ameshakutaja mara tatu. Ule mvumo wa spika nao ni umeme wetu wa hezi 50, unaangukia karibu na noti ya G. Wimbo ukiwa wa G unajificha humo. Ukihamia noti nyingine unakuumbua.

Ukishajua hayo, tafuta bendi ya dansi au kwaya yenye vyombo, uombe kiti cha gitaa la rizimu. Najua mnataka kelele za roki. Lakini gitaa lenye mkwaruzo mwingi linaficha vidole vibovu, na dansi halifichi. Sikilizeni Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz: gitaa moja linashika njia ileile dakika nzima bila kuyumba, lingine linacheza juu yake. Ukiweza kukaa hapo bila kukimbiza mwendo, roki itakuja yenyewe. Na harusi ndizo zinazolipa. Roki peke yake hapa haijamlisha mtu ninayemjua.

Habari ya mwenye vyombo: mkubaliane mgao wa hela kabla ya kupanda jukwaani, mbele ya wenzako wote. Nyimbo zako mwenyewe kazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema, wala usingoje zivume.

Mkitaka kupiga roki tupu, angalieni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa Kibirizi na Katonga wako nchi kavu, hela ya giza lililopita bado iko mfukoni. Siku hizo weka kiingilio kidogo, anza na nyimbo za Kikongo wanazozijua, halafu katikati ndio uingize zako mbili tatu. Wakianza kutoka nje kuvuta sigara, rudi kwenye Kikongo.