Kabla ya kusoma chati, soma daftari lako

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la hisa una mistari miwili tu. "Nimenunua 500, bei 38. Sababu: mgao unakuja." Chini yake, kwa wino mwekundu: "Nimeuza zote, 33.50."

Zilikuwa hisa za benki moja hapa Nairobi. Mgao, yaani sehemu ya faida inayolipwa wanahisa, wa shilingi 3 kwa kila hisa ulikuwa umeshatangazwa, nami nikapiga hesabu ya haraka: shilingi 1,500 kwa kungoja siku chache. Nikawahi kununua kabla daftari la wanahisa, yaani orodha ya benki ya watakaolipwa mgao, halijafungwa. Lilipofungwa tu, bei ikateremka, ingawa benki yenyewe haikuwa na tatizo lolote. Anayenunua baada ya siku hiyo hapati tena ule mgao, basi kwa nini alipe bei ileile? Kodi ya zuio ya asilimia 5, inayokatwa kabla hujalipwa mgao, ikachukua 75, nikabaki na 1,425. Kwenye bei nilipoteza 2,250. Na hapo sijahesabu ada za dalali, ambazo hukatwa unaponunua na hukatwa tena unapouza.

Bila ule mstari wa sababu, leo ningekuwa nasema mwaka ule soko lilikuwa baya. Daftari linanikumbusha kwamba nilifukuzia pesa ambayo tayari ilikuwa ndani ya bei.

Ndiyo maana wanaoniuliza nitumie programu gani kusoma mwelekeo wa soko huwa nawauliza kwanza: uliandika nini siku uliponunua?

Mwelekeo wenyewe hutegemea unaanzia kuangalia wapi. Chukua Safaricom. Hisa yake iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, na mwanzoni mwa 2009 ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Agosti 2021 ilikuwa juu ya 40. Mwaka 2023 ulipokwisha, ilikuwa chini ya 15. Aliyenunua 2008 akatulia, na aliyenunua Agosti 2021 kwa sababu kila mtu alikuwa akiisifu, wana hisa ileile ila kila mmoja ana hadithi yake. Kwa hiyo mimi sitazami chati ya mwezi mmoja kabla sijatazama ya miaka mitano.

Kisha angalia idadi ya hisa zilizobadilisha mikono. Hili wengi wanalipita, na katika soko letu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kuna kampuni katika soko la Nairobi ambazo siku nzima huuzwa hisa mia chache tu. Mtu mmoja mwenye haraka anaweza kuipandisha bei karibu asilimia 10, ambacho ndicho kikomo cha siku, na kesho yake ukaisikia ikitajwa kila mahali kwamba inapaa. Bei ikipanda na mauzo ni hafifu, mimi hukaa pembeni. Kuingia ni rahisi. Siku ya kutoka ndipo utajua hakuna mnunuzi.

Nilipoyasoma manunuzi yangu yote kwa mkupuo, jioni moja ya Jumapili, nililoliona liliniuma zaidi ya ile hasara ya kwanza. Hisa zilizonipa faida nilikuwa nikiziuza ndani ya wiki tatu. Zilizoshuka nilizikalia mwaka na zaidi, nikingoja bei irudi niliponunulia, kana kwamba soko linajua bei yangu. Hakuna chati ingenionyesha hilo. Tangu hapo naandika mstari wa tatu kabla ya kununua: jambo gani likitokea nitauza. Naandika jambo, kwa mfano kampuni kupunguza mgao au deni lake kukua mwaka wa pili mfululizo, maana bei peke yake hunitia hofu nikafanya haraka.

Kama hujawahi kuandika chochote, bado hujachelewa. Mwombe dalali wako akutumie taarifa ya miamala yako ya nyuma. Tarehe, idadi na bei zimo. Chapisha, kaa na kalamu, ujaze sababu ya kila muamala kadiri unavyokumbuka, hata zile za "shemeji aliniambia". Anza na muamala uliokupa faida kubwa kuliko yote, maana huo ndio ambao huenda hujawahi kujiuliza ulitokana na nini.