Mkuu, hiyo orodha ya wadaiwa usiirushe kwenye grupu

Simama hapo hapo, mkuu. Umeuliza mengi: maktaba ya chuo ianze na Facebook au Instagram, LinkedIn inamfaa nini mkutubi, upost saa ngapi, wafuasi utawapataje. Halafu katikati umechomeka kimstari kama mtu anayeongeza chumvi, eti utaanza kwa kurusha kwenye grupu la WhatsApp orodha ya wadaiwa sugu pamoja na vitabu walivyoshikilia, "waone aibu kidogo". Na watu wamekugongea like! Mimi nimeweka kikombe cha chai chini.

Hilo nilishalifanya. Mwaka 2019, chuo cha binafsi mikoani, maktaba ya chumba kimoja na feni moja. Vitabu zaidi ya 60 vimepitiliza tarehe, mitihani imebakiza wiki 3, na kila anayekuja kaunta anataka kile kile kilicholala chini ya kitanda cha mwenzake. Wiki hiyo nimetoka semina ya siku 2 ya maktaba na mitandao ya kijamii. Mwezeshaji, tai nyekundu, anatembea huku na huku kama mchungaji wa mkutano wa injili, akatuambia: "Faini hawalipi. Aibu wanailipa siku hiyo hiyo." Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu, sambusa zilikuwa nzuri na posho ilikuwa bado haijatolewa.

Nikarudi, nikafungua daftari la kuazimisha, nikapiga picha kurasa 2. Unayajua madaftari yetu: jina, namba ya usajili, simu, jina la kitabu, tarehe ya kurudisha, sahihi. Sikuziba hata safu moja. Saa 10 na nusu jioni nikairusha kwenye grupu la wanafunzi, watu 200 na ushee, chini nikaandika "Wadaiwa sugu hawa hapa" na vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi, vitatu. Nikafunga mlango, nikapanda bodaboda, najiona mkutubi wa kisasa.

Ukurasa wa pili, karibu na mwisho, alikuwepo mama mmoja wa darasa la jioni, anasoma cheti cha sheria. Kitabu chake kilikuwa cha ndoa na talaka, kutoka rafu ya 346, ya vitabu vya sheria. Alikuwa na kazi ya darasani kuhusu Sheria ya Ndoa ya 1971, basi, kama darasa zima. Ila grupuni alikuwemo binamu wa mumewe, na huko nyumbani hakuna aliyejua habari za kazi ya darasani. Kilichofika ni picha ya mwandiko wangu mimi: jina la mke wa mtu, na mbele yake neno talaka.

Mwenzangu alinipigia saa 1 kasoro usiku. Nikakimbilia kufuta kwa wote. Wakati ule WhatsApp ilikupa saa moja na dakika nane hivi. Ukichelewa unajifutia wewe peke yako, yaani unajiziba macho. Siku hizi wameongeza, ni zaidi ya siku mbili, lakini usifurahi. Mtu akishaipiga picha skrini yake, kitufe chako hakimfikii.

Kesho yake asubuhi yule mama alikuja. Hakupiga kelele, ningeshukuru angepiga. Akakitoa kitabu kwenye mfuko, kimefunikwa gazeti vizuri kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza, akakiweka kaunta. "Kaka, si ungenipigia? Namba yangu uliiandika mwenyewe." Ndiyo maneno yake yote. Nikagonga mhuri wa tarehe, ukatoka kichwa chini. Nikamwambia faini nimemsamehe, kana kwamba tatizo lilikuwa shilingi 2,000. Muhula ule hakuumaliza. Kilichotokea nyumbani kwake sikukiuliza, na mpaka leo namshukuru Mungu hakunisimulia.

Mimi nikala barua ya kujieleza. Nikampigia yule mwezeshaji, nikitegemea walau aniandikie mistari miwili kwamba tulifundishwa hivyo. "Ndugu yangu, mimi nilichokoza mjadala tu." Mjadala! Mtu kala posho ya kutufundisha, moto ulipowaka kageuka mchokoza mjadala. Akiwa humu ndani asome: ile tai haikukupendeza.

Vitabu vilirudi, nisiseme uongo, 11 ndani ya siku 2. Baada ya hapo watu wakaacha kuazima. Wakawa wanapiga picha kurasa pale pale mezani, au wanaficha kitabu kwenye rafu isiyo yake wakisome kesho bila kuandika jina. Kitabu cha uzazi wa mpango nilikikuta katikati ya hisabati.

Sasa sikiliza. Jina la msomaji na jina la kitabu visikutane mahali popote penye kitufe cha kusambaza. Usiniambie "lakini ni grupu la ma-CR tu", yaani wawakilishi wa madarasa. Usiniambie utaweka status ya saa 24. Herufi za kwanza za majina nazo hapana, darasa la watu 30 wanajuana mpaka sahani. Tulipokuwa chuo cha ukutubi Bagamoyo tulikariri sheria 5 za maktaba za Ranganathan, yule mkutubi wa India, za 1931, kila msomaji na kitabu chake. Hakuna panaposema umtangazie. IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, nao walishaandika kwenye maadili yao ya 2012 kwamba anachosoma mtu ni siri kati yake na maktaba. Na wewe hali yako ni mbaya kuliko yangu: mimi niliponea kwenye barua, wewe kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Mwambie na bosi wako, maana ukishtakiwa atasema hakukutuma.

Wadaiwa watumie ujumbe, mmoja mmoja. Kama mna Koha, ile programu ya kompyuta ya kuendesha maktaba, iwekeni itume vikumbusho yenyewe. Kama ni daftari kama letu, WhatsApp ina ile brodikasti, ujumbe mmoja unaenda kwa wengi bila wao kuonana. Ila anaupata yule tu aliyehifadhi namba ya maktaba, kwa hiyo wahifadhishe siku ya kujisajili. Andika "una kitabu cha maktaba, tarehe imepita". Kitabu gani, anakijua.

Na picha za kupamba ukurasa, angalia nyuma ya mtu. Mwaka jana nusura nipost kijana anatabasamu kaunta, kumbe kompyuta begani kwake imeachwa wazi kwenye akaunti ya mwalimu mmoja. Nilivuta picha kubwa nikasoma kila kitu. Jasho lilinitoka peke yangu ofisini.

Facebook au Instagram, fungua walipo wanafunzi wako. LinkedIn nitarudi nikipata nafasi.

Umesema picha ya orodha umeshaipiga, iko tayari kwenye simu. Ifute sasa hivi, kabla hujanijibu. Na kule zinakokaa zilizofutwa karibuni, ingia ufute tena.