Lenzi ya zamani kwenye kamera mpya: usiiache kamera ikisie milimita

Mtu akifunga lenzi ya zamani kwa adapta, picha zikatoka zimetikisika, hukimbilia kuilaumu lenzi. Anza kwenye menyu kwanza.

Chukua Helios 44-2, ile lenzi ya Kisovieti ya milimita 58 yenye skrubu ya M42, uifunge kwenye Sony a7 II. Adapta yake ni bomba la chuma tu, halina pini za umeme, kwa hiyo kamera haijui kuna lenzi mbele yake. Inaweza hata kugoma kupiga mpaka uiruhusu kwenye menyu ipige bila lenzi. Ukisharuhusu, nenda kwenye mpangilio wa SteadyShot (kituliza mtikisiko cha Sony), toa otomatiki, weka mwenyewe namba ya milimita, yaani urefu wa fokasi wa lenzi.

Namba hiyo ina kazi kubwa. Sensa hutuliza picha kwa kusogea kinyume na mtikisiko wa mkono, na isogee kiasi gani inategemea lenzi: mkono ukiyumba vilevile, taswira ya lenzi ya 200 huhama kwenye sensa mara nne ya ile ya 50. Ukiandika 200 wakati umefunga 58, sensa inapitiliza na kuzalisha mtikisiko wake yenyewe, picha ikawa mbaya kuliko ungezima kabisa. Ukiandika ndogo, unapata msaada pungufu, basi. Kwa hiyo kama 58 haimo kwenye orodha, chagua iliyo jirani, na ukisita chukua ya chini. Zumu ya 70-210 nayo iandikie 70, isipokuwa una subira ya kubadilisha kila unapovuta.

Andika namba iliyo kwenye lenzi, hata kama sensa yako ni ndogo ya APS-C. Hesabu ya kuzidisha kwa 1.5, ile ya kulinganisha na sensa kubwa, haihusiki hapa. Kinachobadilisha namba ni kioo cha ziada katikati. Kikuza-mbali cha 2x kinaifanya 200 kuwa 400. Adapta yenye kioo cha kupunguza cha 0.71x inaifanya 50 kuwa 35.5.

Hata ukipatia, usitegemee miujiza. Kamera hiyo hutuliza mielekeo mitano, lakini lenzi isiyotoa taarifa ya umbali inabakiwa na mitatu: kuinama juu na chini, kugeuka kushoto na kulia, na kubiringika. Kamera ikisogea nzima kando au juu na chini, haisaidiwi. Kwa picha ya mtu aliye mita tatu hutaona tofauti. Kwa pete ya harusi iliyo karibu na kioo utaiona, tena vizuri sana. Hapo tumia stendi, na kamera ikishatulia juu ya stendi, zima kituliza mtikisiko. Mtoto anayekimbia pia hatulizwi na sensa. Anataka shata ya haraka, 1/250 au zaidi.

Sasa adapta yenyewe. M42 inataka milimita 45.46 kutoka kwenye kiti cha lenzi hadi sensa, Sony E (mdomo wa lenzi wa kamera hii) ina 18, kwa hiyo adapta sahihi ina unene wa 27.46. Jaribu kwa kulenga mnara wa simu ulio mbali. Pete ya fokasi ikifika mwisho na mnara bado una ukungu, adapta ni nene mno, irudishe dukani. Ikipita kidogo baada ya mnara kukaa sawa, ni nyembamba, jambo la kawaida na halisumbui Helios. Lenzi pana zenye vioo vinavyosogea kwa ndani wakati wa kufokasi ndizo huanza kuharibika kwenye kona. Ishike lenzi pia uitikise: ikicheza, hakuna menyu itakayoponya hilo.

Kabla ya kulipa, angalia apecha, yaani tundu la kupitisha mwanga ndani ya lenzi. Ya Helios 44-2 unaibana mwenyewe kwa pete iliyo kwenye lenzi, haina shida. Lenzi nyingi za M42 zina pini nyuma, na zisizo na swichi ya A/M (otomatiki au kwa mkono) zinahitaji adapta yenye ukingo wa kuisukuma pini hiyo, la sivyo apecha inabaki wazi. Lenzi za Nikon za aina ya G hazina pete ya apecha, tafuta adapta yenye pete. Lenzi za Canon EF hufunga apecha kwa umeme, kwa hiyo bomba tupu litakuachia lenzi iliyo wazi muda wote.