GPS ya Kujiundia kwa Ndege: Ramani Ije Mwisho

Msomaji mmoja ameniandikia. GPS aliyojiundia inafanya kazi vizuri, ila kila akibonyeza kitufe cha redio azungumze na mnara wa kuongozea ndege, setilaiti zote zinapotea. Anauliza anunue moduli gani nyingine, yaani kile kijisehemu kinachopokea mawimbi ya setilaiti.

Ndugu yangu, tunza pesa zako. Nilimuuliza anatumia masafa gani, akajibu megahezi 131.275. Redio huweza kuvujisha mawimbi kwenye vizidisho vya masafa yake pia. Zidisha mara 12 uone: 1575.3. GPS inasikiliza kwenye megahezi 1575.42! Ikivujisha hata kidogo karibu na hapo, setilaiti iliyo kilomita 20,200 juu haisikiki tena. Hata 121.175 ina tabia hiyo, ukiizidisha mara 13. Sogeza antena mbali na ile ya redio, kisha ujaribu tena ndege ikiwa imeegeshwa.

Mambo haya sikufundishwa na mtu. Nilipopeleka kifaa changu uwanjani mara ya kwanza, mwalimu mmoja wa urubani alikigeuzageuza mbele ya wanafunzi wake, akauliza kama kinapiga na kengele ya asubuhi. Wakacheka. Sijasahau, na sioni kwa nini nisahau. Baadaye tuliruka pamoja, kifaa changu kando ya kile cha dashibodi, na njia tuliyopita ikasomeka sawasawa kwenye vyote viwili. Hakusema neno. Mimi pia sikumwomba aseme, lakini nilimtazama.

Habari za kulehemu waya nazipita, hizo mnazijua. Kilichonitesa ni skrini. Mezani inang'aa vizuri, ukiipeleka juani nyuma ya kioo cha ndege huoni kitu. Chagua skrini kabla hujachagua chochote kingine. Narudia: skrini kwanza.

Halafu mwinuko. GPS inapima kwa hesabu za umbali wa setilaiti, altimita inapima shinikizo la hewa, kwa hiyo namba mbili hizo zitatofautiana hata kama vyote ni vizima. Mnara unataka ya altimita. Mimi mwinuko nimeuondoa kabisa kwenye skrini yangu ili nisishawishike. Na kama moduli yako imetengenezwa na kampuni ya u-blox, ingia kwenye mipangilio uiambie iko angani. Isipoambiwa, huja na mipangilio ya kifaa cha kubeba mkononi.

Vijana wengi mnakimbilia ramani za rangi. Ramani ya nini, wakati mshale wenyewe unayumba? Anza na uelekeo, kasi na umbali uliobaki. Na msijidanganye kuingia nacho mawinguni. Vifaa vilivyoidhinishwa hujikagua vyenyewe, vikihitaji angalau setilaiti 5 ili kugundua kuwa mojawapo inadanganya. Chako kitaonyesha mahali pasipo kweli bila kusita. Kiwe msaidizi wa macho yako na ramani ya karatasi, basi.

Wewe wa 131.275, ukishasogeza antena niandikie. Ikigoma, kagua pia kibadilisha umeme cha volti 5. Vile vya bei rahisi huingiza kelele hata kwenye redio yenyewe.